Sekunde Kumi za Mwisho na Kitufe cha Kuanza Upya

Mnamo Agosti 2013, shindano la Ludum Dare, ambalo huwapa watunzi wa michezo ya video siku mbili au tatu tu za kukamilisha kazi nzima, lilitoa mada fupi sana: sekunde kumi. Anna Anthropy, mtunzi wa Marekani, aliiitikia kwa kazi ya maandishi iitwayo Queers in Love at the End of the World. Wapenzi wawili wako pamoja, dunia inakwisha, na pembeni mwa ukurasa saa inahesabu kurudi nyuma kutoka kumi. Mchezaji anaweza kumbusu mwenzake, kumkumbatia, kumshika mkono au kumwambia jambo, na kila chaguo hufungua sentensi nyingine iliyobeba machaguo mengine. Sekunde zikiisha, hata kama jicho liko katikati ya sentensi, ukurasa wote huondolewa na mahali pake hubaki taarifa kwamba kila kitu kimefutika. Hapo hapo pana kiungo cha kuanza upya.

Kiungo hicho ndicho kinachonishughulisha. Michezo mifupi inayohusu dakika za mwisho kabla ya maangamizi imekuwa fani inayojitegemea, na wanaoizungumzia hupenda kuipima kwa jinsi inavyoitumia saa: namna inavyombana mchezaji, inavyomtia hofu, inavyomlazimisha kuamua kabla hajawa tayari. Kipimo hicho hakitoshi. Saa inayohesabu kurudi nyuma ni kifaa chepesi ambacho mtunzi yeyote anaweza kukitumia, na hofu inayoletwa nacho ni ile ile ya mwanafunzi anayesikia msimamizi akitangaza kwamba zimebaki dakika tano. Ugumu uko pale saa inapofika sifuri. Mchezo wa video umeumbwa ili urudiwe, ilhali maangamizi hayarudiwi, na kila mtunzi anayeingia katika fani hii analazimika kuamua afanye nini na mgongano huo. Uamuzi wake kuhusu kuanza upya husema ukweli zaidi kuhusu kazi yake kuliko idadi ya sekunde alizotoa.

Mchezo ulioonyesha mgongano huo kwa uwazi mkubwa zaidi ni wa zamani. Kampuni ya Atari ilitoa Missile Command mwaka 1980 kwa ajili ya mashine za sarafu, na mbunifu wake alikuwa Dave Theurer. Chini ya skrini kuna miji sita na vituo vitatu vya ulinzi, kila kituo kikiwa na makombora kumi. Kutoka juu hushuka mistari ya makombora ya adui. Mchezaji huzungusha kwa kiganja mpira uliopachikwa kwenye mashine ili kusogeza alama ya kulengea, kisha hufyatua kombora ambalo halimfuati adui. Hulipuka pale lilipoelekezwa, likatengeneza duara la moto linalotanuka kisha likanywea, na kombora lolote la adui litakaloingia katika duara hilo huteketea. Kwa hiyo mchezaji halengi pale adui alipo. Hulenga pale atakapokuwa muda mfupi baadaye, huku akikisia duara litadumu kwa muda gani. Makombora ya kituo cha kati huenda kwa kasi kuliko ya vituo vya pembeni, na anayeimaliza akiba ya katikati mapema hujuta wimbi la mashambulizi linapokolea.

Makombora thelathini kwa wimbi zima ni mengi mwanzoni, halafu ghafla ni machache mno. Makombora ya adui huanza kugawanyika yakiwa angani, ndege na setilaiti huongezeka, na hatimaye huja mabomu yenye uwezo wa kukwepa milipuko. Ni katika hatua hiyo ambapo mchezo hubadilika bila kutoa tangazo lolote. Mchezaji mgeni huhangaika kulinda miji yote sita na kuipoteza yote. Mchezaji mzoefu huanza kuchagua mji wa kuuacha. Hakuna sheria inayomwambia afanye hivyo, wala adhabu zaidi ya mji wenyewe kutoweka. Hujikuta tu ameacha kuupeleka mkono wake upande wa kushoto, kwa sababu amekwisha kupiga hesabu na hesabu imeukataa mji ule.

Hatimaye miji yote huanguka. Mashine hutoa alama kwa makombora yaliyobaki na miji iliyosalimika, na kwa mpangilio wa kawaida kila alama 10,000 humpatia mchezaji mji wa ziada, lakini hakuna wimbi la mwisho la kulishinda, hakuna mkataba wa amani, hakuna adui anayeishiwa silaha. Ustadi huahirisha tu. Mji wa mwisho unapoteketea, mlipuko mkubwa huijaza skrini na mashine hutangaza kwamba huu ni mwisho, badala ya kutumia maneno yaliyozoeleka ya kumwarifu mchezaji kuwa zamu yake imekwisha. Tofauti hiyo ni ndogo kwa herufi na kubwa kwa maana, kwa kuwa kilichokwisha hapo si zamu ya mtu aliyeweka sarafu.

Theurer alijua alichokuwa akikishughulikia. Alisisitiza kwamba mchezaji awe mlinzi tu, asipewe namna yoyote ya kuishambulia nchi ya upande wa pili, na ndivyo ilivyokuwa. Katika hatua za mwanzo miji ile sita ilihusishwa na miji halisi ya pwani ya California, San Francisco na Los Angeles ikiwa miongoni mwao. Baadaye majina yaliondolewa na miji ikawa ya yeyote anayecheza. Yeye mwenyewe amesimulia kwamba wakati akiutengeneza mchezo huo, na hata baada ya hapo, alikuwa akiota ndoto za miji kulipuliwa kwa nyuklia.

Ndoto hizo hazikuwa za mtu mwenye wasiwasi wa kupitiliza. Tarehe 9 Novemba 1979 mitambo ya tahadhari ya Marekani ilionyesha shambulio kubwa la makombora ya Kisovieti, na ikagundulika kwamba data za mazoezi zilikuwa zimeingia katika mfumo uliokuwa ukitumika. Tarehe 3 Juni 1980 tahadhari nyingine ya uongo ilitokana na kifaa kibovu cha kompyuta. Kombora la masafa marefu lingechukua takriban nusu saa kuvuka kutoka bara moja hadi jingine, na lililofyatuliwa kutoka nyambizi iliyo karibu na pwani lingechukua muda mfupi zaidi. Ndani ya muda huo mtu fulani alipaswa kuamua kama kinachoonekana kwenye skrini ni kweli. Mwaka 1983 upande wa Kisovieti ulipata zamu yake, pale ofisa Stanislav Petrov alipoona mfumo ukitangaza makombora matano kutoka Marekani na akaamua kuwaarifu wakubwa wake kwamba ni hitilafu ya mitambo. Ulimwengu ule ulikuwa ukiishi katika dakika za mwisho kila siku, na vijana wa Marekani walizifanyia mazoezi kwa sarafu moja moja.

Sarafu ile ndiyo jibu la Missile Command kwa swali la kuanza upya. Ukiiweka, miji sita inarudi ikiwa mizima. Biashara ilidai hivyo, na hakuna haja ya kuipamba. Hata hivyo sarafu hairudishi matumaini, kwa sababu kila mchezo mpya huishia pale pale. Kinachorudiwa ni kushindwa, na kadiri mtu anavyorudia ndivyo anavyokubali kwamba tatizo haliko kwenye kasi ya mkono wake. Nadhani huu ndio uamuzi wa kweli kuliko wote katika fani hii, na nashuku kwamba sehemu kubwa ya ukweli wake ilipatikana kwa sababu mashine za sarafu zilihitaji mchezaji ashindwe ili mwingine apate nafasi.

Mwaka 2010 mtunzi Dean Moynihan alikwenda upande wa pili kabisa. Mchezo wake, One Chance, ulichezwa ndani ya kivinjari na ulichukua dakika chache tu. Mwanasayansi amegundua dawa ya saratani, anashangiliwa, kisha inabainika kwamba dawa hiyo inaua kila chembe hai duniani. Zimebaki siku sita. Kila asubuhi mchezaji huamua kama mwanasayansi aende maabara kutafuta suluhisho au abaki na mkewe na binti yake mdogo. Jina la mchezo linaahidi nafasi moja, na ahadi hiyo ilitimizwa kiufundi: ukishamaliza, ukirudi kwenye ukurasa ule utakuta mwisho wako ukikungoja, bila mlango wa kuingilia tena.

Ulisifiwa sana kwa ujasiri huo, na naelewa kwa nini. Hata hivyo naona kuondoa kitufe cha kuanza upya ni uamuzi dhaifu kuliko unavyoonekana. Mtu anayeambiwa kwamba ana nafasi moja tu huacha kuwaza juu ya mke na mtoto wa mwanasayansi yule na kuanza kuwaza juu ya kutokosea. Kila mlango unakuwa swali la mtihani, na hata uamuzi wa kushinda nyumbani na binti yake unapimwa kwa faida au hasara utakayoleta mwishoni. Ubaya zaidi ni kwamba mchezo wenyewe unaithibitisha tabia hiyo, kwa kuwa miongoni mwa miisho yake umo ambao dawa hupatikana. Kwa hiyo jibu sahihi lilikuwapo; wewe tu ndiye uliyelikosa. Wachezaji walifanya kile ambacho mtahiniwa yeyote angefanya kama mlango wa chumba cha mtihani ungeachwa wazi: walifuta kumbukumbu za kivinjari, au wakahamia kompyuta nyingine, wakaingia tena.

Historia iliufanyia mchezo huo mzaha ambao mtunzi hakuupanga. One Chance ulijengwa kwa Flash, teknolojia iliyoendesha michezo ndani ya vivinjari, na kampuni ya Adobe ilisitisha huduma ya Flash tarehe 31 Desemba 2020, ikaizuia kufanya kazi siku chache baadaye. Maelfu ya michezo midogo ya kizazi kile ilikabiliwa na mwisho halisi uliotangazwa miaka mitatu kabla. Watu hawakuukubali. Walihifadhi mafaili na kutengeneza programu za kuiga Flash, na sehemu kubwa ya michezo hiyo inachezeka tena leo.

Narudi kwenye zile sekunde kumi, kwa sababu Anthropy aliona jambo ambalo Moynihan hakuliona. Mchezo wake unakuruhusu kuanza upya mara zisizo na idadi, na huwezi kuuelewa usipofanya hivyo. Mara ya kwanza sekunde kumi hupita kabla hujajua unachotakiwa kufanya. Mara ya tatu unawahi kubusu. Baadaye unajaribu kusema, na unagundua kwamba kusoma sentensi vizuri kunagharimu sekunde tatu, hivyo unaanza kubofya bila kusoma, na hapo ndipo unapomkosa mwenzako kabisa ingawa umefika mbali zaidi katika ukurasa. Hakuna njia inayoiokoa dunia, wala hakuna alama. Kurudia kunakuonyesha ukubwa wa yale yasiyoenea katika muda ule: matawi ni mengi, kila jaribio linagusa machache, na ujuzi wote unaoupata hauongezi hata sekunde ya kumi na moja. Anayeucheza mara moja atadhani ameonewa na saa. Anayeucheza mara nyingi hufika mahali akasimama kwenye chaguo moja na kuacha sekunde zilizobaki zipite, na hakuna amri yoyote ya mchezo inayomsukuma kufanya hivyo.

Michezo hii mitatu ni ya kubuni. Swali linabadilika uso pale maangamizi yanapokuwa yametokea kweli na waliokufa wana ndugu walio hai. Mwaka 2015 kikundi cha wanafunzi nchini Ufaransa kilitoa kazi ya uhalisia pepe (virtual reality) iitwayo 08:46, inayomweka mtazamaji ndani ya ofisi katika mnara wa kaskazini wa World Trade Center, asubuhi ya tarehe 11 Septemba 2001. Jina ni saa ambayo ndege ya kwanza iliugonga mnara huo. Wengi walikasirika, na lawama za siku zile zilihusu zaidi heshima kwa wafu. Sina sababu ya kuwatuhumu watunzi kwa nia mbaya; nadhani kosa lao lilikuwa la kiufundi kabla halijawa la kimaadili.

Mtu aliyekuwa ofisini saa mbili na dakika 45 asubuhi ile hakuwa katika dakika za mwisho za chochote. Alikuwa kazini. Mtazamaji aliyevaa miwani ya uhalisia pepe anajua kila kitu, anaangalia dirishani kwa sababu anajua kitakachotokea, na ujuzi huo unamtenga kabisa na mtu anayedai kuwa ndani ya mwili wake. Baada ya ndege kugonga mambo hayawi bora. Ngazi zote tatu za mnara wa kaskazini zilikatika katika ghorofa zilizogongwa, za 93 hadi 99, na hakuna aliyekuwa juu ya hapo aliyetoka hai. Mnara ulisimama dakika 102 kisha ukaanguka. Muumba mchezo anayeheshimu ukweli huo hana cha kumpa mchezaji wa ghorofa za juu isipokuwa kungoja. Katika mnara wa kusini hali ilikuwa tofauti: ngazi moja ilipitika kwa muda, na watu 18 waliokuwa katika ghorofa zilizogongwa au juu yake waliokoka. Huko kulikuwa na uamuzi wa kufanywa, kwa maana dakika kumi na saba hivi zilipita kati ya ndege ya kwanza na ya pili, na tangazo la jengo liliwaambia watu wabaki au warudi maofisini. Lakini mchezo wa uamuzi ule, ukiwa na kitufe cha kuanza upya, ungekuwa mbaya kuliko 08:46. Kila mchezaji ambaye angefika chini salama katika jaribio lake la pili angekuwa anamwambia marehemu kwamba njia ilikuwapo.

Sisi wa Afrika Mashariki tunaweza kulipima jambo hili bila kuazima msiba wa watu. Tarehe 7 Agosti 1998, muda mfupi baada ya saa nne na nusu asubuhi, gari lililobeba mabomu lilifika nyuma ya ubalozi wa Marekani uliokuwa kwenye makutano ya barabara za Haile Selassie na Moi jijini Nairobi. Mlinzi alikataa kuwafungulia. Mmoja wa washambuliaji akarusha guruneti, na milio ikawavuta watu madirishani katika majengo ya jirani kutazama kulikoni. Kisha bomu likalipuka. Zaidi ya watu 200 waliuawa Nairobi, jengo la Ufundi likaporomoka, na wengi wa waliojeruhiwa macho na uso walikuwa wale waliokuwa wamesogelea vioo. Ubalozi wa Dar es Salaam ulilipuliwa karibu wakati ule ule.

Mtunzi wa michezo anayeitazama asubuhi ile huona haraka kwamba kiini chake ni sekunde chache za getini. Mlinzi hakuwa na silaha, alijaribu kuwafikia wanajeshi waliokuwa ndani kwa redio na kwa simu, na njia zilikuwa zimeshikwa. Hapo pana kila kitu ambacho fani hii inakitafuta: muda mfupi, kazi ya mikono, uamuzi mmoja mzito ambao mtu yule aliufanya kwa usahihi kwa kutofungua. Ungeweza kuwa mchezo wenye nguvu sana. Lakini sioni kitufe cha kuanza upya kingewekwa wapi. Ukimruhusu mchezaji apate redio ikiwa wazi katika jaribio la nne, umeigeuza bahati mbaya ya mlinzi kuwa uzembe. Ukimnyima nafasi ya pili, kama One Chance, umeufanya msiba wa mji kuwa mtihani. Ukihakikisha kwamba kila jaribio linashindikana, kama Missile Command, unakaribia ukweli zaidi, isipokuwa unaleta uongo mwingine, kwamba asubuhi ile haikuwa na namna yoyote ya kuzuilika.

Ilikuwa nayo, ila haikuwa getini, wala haikuwa ya asubuhi ile. Balozi Prudence Bushnell alikuwa amekwisha kuieleza serikali yake kwamba jengo lilikuwa karibu mno na barabara na kwamba lilihitaji kubadilishwa, akafikia hatua ya kumwandikia moja kwa moja waziri wa mambo ya nje miezi michache kabla ya shambulio. Fedha hazikutolewa. Tume iliyoongozwa na Admirali William Crowe, katika ripoti yake ya Januari 1999, iliilaumu serikali ya Marekani kwa kutowekeza vya kutosha katika usalama wa balozi zake. Hakuna sekunde kumi wala dakika 102 zinazoweza kubeba mambo hayo, kwa sababu yalitokea taratibu, katika vikao vya bajeti, miongoni mwa watu ambao hawakusikia saa yoyote ikihesabu. Missile Command nao una pengo hilo hilo: mchezaji anaulinda mji hadi mwisho, na katika mchezo mzima hakuna mahali pa kuuliza makombora yale yalitengenezwa na nani, au nani aliyepitisha bajeti yake.

Kama yupo mtunzi wa Nairobi au Dar es Salaam anayefikiria kuugusa msiba wa 1998 kwa mchezo mfupi, ningemshauri aliache geti na aende kwenye meza ya ofisa wa bajeti, miezi michache kabla, ambapo barua ya balozi ni moja kati ya karatasi nyingi na hakuna karatasi iliyoandikwa tarehe ya mlipuko. Hapo kitufe cha kuanza upya hakimtukani marehemu yeyote, na mchezaji akirudia mara ishirini atakuwa anamhoji mtu aliyekuwa na muda.